Hodi ya Kidole cha Tisa

KIDOLE CHA KWANZA

Gongo lenyewe lilikuwa kidogo, jamani. Matone manane tu. Nililitia kwenye kichupa cha marashi, na kichupa nikakificha kifuani, mahali ambapo hata wakaguzi wa Baraza la Vigae huona haya kupekua.

Ilikuwa hitima ya mwaka wa tatu ya Mzee Kondo Mwinyimadi, hapa Kisarawe, saa nne asubuhi, sebuleni kwa mjane wake, Bi Semeni. Watu walikuwa wamekula pilau, wamefuta mikono, wanangoja marehemu aseme. Kigae chake kilisimama mezani ndani ya bakuli tupu: kibao cheupe cha udongo wa Pugu, chembamba kama daftari, kirefu vidole tisa, na juu kabisa kimevalishwa mdomo wa shaba. Mwenye kulijaza lile bakuli mara ya kwanza ni mimi, Kalunde, mnyweshaji.

Kazi hii hupewa mtani wa marehemu na si mtu mwingine. Mwana hawezi kumnywesha baba yake. Atalia ndani ya bakuli na chumvi ya machozi itaharibu kila kitu. Mtani halii. Mimi Mnyamwezi, Mzee Kondo Mzaramo. Babu zangu walipita hapa na mizigo vichwani, babu zake wakawacheka walivyoikimbia bahari, na tangu hapo tunatukanana kwa mapenzi.

"Haya, Mzee Kondo," nikamwambia, "mwaka mzima umekauka kama dagaa. Maji ya mvua haya, masafi. Najua hukuwahi kuyapenda."

Watu wakacheka. Ndipo nikatoa kichupa.

"We Mnyamwezi!" Bi Semeni akaruka. "Nyumba imesomwa hitima hii!"

"Sijamwekea ya kulewa, mtani. Ya kusukutua tu."

"Mungu anakuona!"

"Ananiona, na anamwona na huyu. Tumwulize basi huyu, kati yangu na wewe nani anamjua zaidi."

Akajifunika mtandio usoni, nikaona mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikadondosha matone manane, na maji yakaanza kupanda.

Hakuna pampu wala waya. Udongo ule umechomwa hata ukabaki na vinyweleo vyembamba kuliko unywele wa kichanga, na maji yakikuta njia nyembamba namna hiyo hayajizuii. Huishika kuta na kujivuta juu, kimya kimya, kama unyevu unavyopanda ukutani masika. Ukitazama utaona weupe unageuka kijivu, na mstari wa kijivu unasogea. Vidole vitatu vya kwanza huchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Vidole sita si vikombe viwili, ni vinne. Tisa ni vikombe tisa. Kila anavyopanda ndivyo anavyochoka, kama sisi sote.

Baada ya saa moja hivi mdomo wa shaba ukatetemeka.

"Semeni," akasema Mzee Kondo, na kikohozi chake kilekile. "Chai hii mbona umeitia maji?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, mpumbavu mimi, nikijiona nimefanya hitima ya kukumbukwa.

KIDOLE CHA TATU

Kesho yake asubuhi nilirudi kumwangalia. Kwa siku tisa bakuli halikauki. Ndizo siku za kukaa naye, na mjane hulijaza maji kila alfajiri. Kazi yangu ni kupitisha sindano. Ni sindano ndefu ya chuma: ncha unaigusisha kwenye kigae popote unapotaka, kichwa chake unakiuma kwa meno, na unachosikia kinapita kwenye mfupa wa taya lako peke yako. Walio chumbani hawasikii kitu. Wao husubiri mdomo wa shaba.

Niligusa juu, kidole cha nane. Salamu, malalamiko ya chai, wimbo wa mdundiko alioukosea maneno maisha yake yote. Cha saba, hivyo hivyo. Nikateremka. Cha sita, cha tano, cha nne, kimya, kama inavyotakiwa. Nikagusa cha tatu kwa kukamilisha kazi tu.

Ngo, ngo, ngo.

Nikatoa sindano mdomoni, nikaitazama. Nikaiuma tena.

Ngo, ngo, ngo. Kisha sauti ya msichana, mbali, kama anasemea ndani ya mtungi, na mzaha ndani yake:

"Hodi, Baba."

Kisha Mzee Kondo, karibu kabisa, pumzi juu juu:

"Siwema, usibishe. Mlima unasikia."

Sasa niwaambie. Mtu akifa, kabla hajapoa, huchotwa kijiko kimoja cha maji ya uti wa mgongo, na mguu wa kigae kipya husimamishwa humo. Kigae hunywa. Yote aliyoyakumbuka maishani huganda pale chini, kidole cha kwanza, yakingoja maji. Mambo mepesi hudandia maji na kupanda nayo tangu mwaka wa kwanza. Mambo mazito hung'ang'ania udongo, na maji matupu hayawezi kuyabandua. Mwaka wa saba, mepesi yakishakwisha, kigae huzikwa mdomo chini pamoja na mazito yake. Ndivyo tulivyopatana na wafu wetu: watuchekeshe miaka saba, mengine wabaki nayo.

Lakini yeyote aliyewahi kutoa doa la wino kwenye shati anajua kwamba kinachokataa maji hukubali spiriti. Nami niliujua ukweli huo tangu shule. Niliujua, na bado nikadondosha.

"Anasemaje?" Bi Semeni akauliza. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua kisamvu, macho kwangu, uso umekunjuka kama wa mtu anayengoja zawadi.

"Anasema pilau ya jana ilikuwa na mawe."

"Muongo! Yeye au wewe?"

"Mimi naogopa Mungu."

Akacheka, akanirushia jani. Upepo ukausukuma mlango wa mbele ukafunguka wazi, nikainuka niutie komeo.

"Acha," akasema, bila kuinua kichwa. "Siku hizi nasikia vibaya. Siwema akija atabisha na mimi sisikii."

Kisarawe nzima inajua habari ya Siwema. Miaka thelathini na moja iliyopita, binti wa miaka ishirini, mcheshi, mfinyanzi, aliyekuwa akichimba udongo mweupe na baba yake, alitoroka na fundi mwashi hadi Lubumbashi. Baba yake ndiye aliyeleta habari. Alimwona kwa macho yake akipanda lori. Tangu siku hiyo mama yake hajautia mlango komeo, na kila Idd hupakua sahani moja zaidi. Picha ya binti ipo ukutani, juu kidogo ya kigae: meno yote nje, kama aliyeambiwa asicheke.

Nilikaa pale mpaka adhuhuri nikimdanganya yule mama. Kila uongo ulimchekesha.

Siku ya kwanza, vidole vitatu. Mzigo ule uliobanduka hufuata sheria ileile ya maji, kwa mwendo wake wa punda tu. Siku ya nne ungefika kidole cha sita. Siku ya tisa ungefika mdomoni.

KIDOLE CHA SITA

"Mara ngapi niliwaambia," akasema Fundi Abeid, "kigae hakinyweshwi kitu chenye harufu?"

Tulikuwa karakanani kwake, mbele ya matanuri, siku ya nne, jua la saa sita. Fundi Abeid ndiye aliyekichoma kile kigae. Mikono yake imejaa makovu ya moto, na ana desturi ya kuongea na mtu akiwa amempa mgongo.

"Mara nyingi, Fundi."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nakubali kwa kichwa."

Akapangusa mikono. Nilikuwa nimeshamsimulia yote. Asubuhi ile nilikuwa nimegusa kidole cha sita na kusikia mengine. Kwamba lilikuwa handaki la udongo liitwalo Nungu, lililokuwa limefungwa kwa mbao na wazee wenyewe kwa sababu paa lake lilikuwa linadondosha vumbi. Kwamba udongo wa mle ulikuwa mweupe kuliko wote, na Mzee Kondo alibandua mbao mbili, akamwambia binti apite yeye kwanza, maana alikuwa mwembamba. Kwamba mlima ulishuka katikati yao. Kwamba upande wa huku alibaki mzee na taa, na upande wa kule akabaki Siwema, mzima, anabisha.

"Leta hicho kigae," akasema Fundi Abeid. "Nusu saa tanurini. Kitatoka cheupe kama sahani ya dukani."

"Na Bi Semeni nimwambie nini?"

"Kimepasuka. Vigae hupasuka."

"Nikikitoa tu bakulini?"

"Mzigo utasimama hapo ulipofika. Siku mtu yeyote atakapokitia tena maji, utaendelea safari yake. Umeshaubandua, Kalunde. Haubandiki." Sasa akageuka, jambo lililonitisha kuliko maneno. "Yule mama ana miaka sabini na nne. Ukimwondolea hiyo sahani ya pili, utamwekea nini mahali pake?"

Nikatazama mdomo wa tanuri.

"Wewe ungependa kujua?" nikamwuliza.

"Mimi nachoma vigae miaka arobaini. Nimeshaandika wosia: mimi nisinyweshwe. Unafikiri kwa nini?"

Nikatoka. Kwa mama ntilie wa pale njiani nikaagiza chai na andazi. Nimezika mengi, mjue: waume wawili, nyumba moja, na meno matatu ya mbele ambayo sitaeleza yalivyotoka, na yote hayo huwa nayasimulia watu wakacheka. Moja tu sisimulii. Kigae cha baba yangu kilikuwa kwetu, kwenye kabati, Igunga, mwaka ule wa mafuriko. Maji ya tope yaliyochanganyika na mafuta ya taa yaliingia nyumbani sisi tukiwa juu ya paa la shule. Yakakinywesha yote kwa siku moja. Baba yangu alisema kila kitu alichokuwa nacho, mepesi na mazito, kwenye nyumba tupu iliyojaa matope, na hakuna aliyekuwepo. Tuliporudi tulikuta mdomo wake una ukoko mweupe wa chumvi. Kilichobaki ni udongo tu. Nimewahi kuulamba ule ukoko. Haukusema kitu.

Nikachovya ncha ya andazi kwenye chai, nikasahau kulitoa. Chai ikapanda ndani ya andazi, rangi ikipanda taratibu, ikapita pale nilipolishika, na nikaisikia. Juani, mchana kweupe, wapiga soga pembeni yangu wakibishana habari za mpira.

Ngo, ngo, ngo.

Nikaliacha andazi mezani.

Kuanzia siku ile sikupata mahali pakavu. Kitambaa cha kufutia meza kikinyonya maji yaliyomwagika, nilisikia. Kanga yangu ikilowa pindo kwenye umande, ikipanda mpaka gotini, nilisikia. Dunia yote, nikagundua, inakunywa kutoka chini, na sikuwa na hakika tena kila kitu kinachopanda kimetoka kwa nani.

Na kila asubuhi: "Anasemaje leo?"

"Anasema umenenepa."

"Anasemaje leo?"

"Anauliza lile shati lake la bluu umempa nani."

Siku ya saba alinijibu kitu ambacho hakikuwa cheko. Alikuwa anajaza bakuli, akasema, "Kondo hakuwa na shati la bluu." Kisha akafuta meza. Nikaona anautazama uso wangu kwa muda mrefu kuliko anavyokitazama kigae.

KIDOLE CHA TISA

Siku ya tisa mtani humuaga marehemu kwa kumwigiza. Huvaa kofia yake, hushika fimbo yake, hutembea kama alivyotembea, husema kama alivyosema, hata mjane acheke mpaka akojoe. Ni siku ya watu wa nyumba tu. Katika nyumba ile, watu wa nyumba walikuwa Bi Semeni.

Nilifika saa tatu. Nilipitisha sindano mara moja. Mzigo ulikuwa umebakiza unene wa kucha kufika kwenye shaba.

Nilikuwa na njia tatu, na usiku kucha nilizihesabu kama mtu anayehesabu makuti ya paa. Nikibeba kigae mpaka tanurini, Siwema atabaki Lubumbashi, mzima, mnene, na wajukuu wanaoongea Kifaransa. Nikikaa kimya, ndani ya saa moja mdomo wa shaba utabisha hodi bila kumpa yule mama hata neno la kujishikilia. Njia ya tatu ilikuwa kusema mwenyewe. Lakini mimi sina sauti ya kusemea jambo zito. Sauti niliyojaliwa ni ya mizaha, na ndiyo hiyo niliyoingia nayo.

Nikavaa kofia ya Mzee Kondo, imekaa upande. Nikashika fimbo. Nikaburuza mguu wa kushoto kama alivyouburuza, nikakohoa kile kikohozi, nikasimama mlangoni.

"Semeni! Mke gani wewe, mume amekufa miaka mitatu na hajaandaliwa hata maji ya kuoga!"

Akapiga makofi. "Haya, Kondo! Ingia, mzee, ingia! Umetoka wapi?"

"Nimetoka ahera. Wamenirudisha. Wamesema wanataka mtu mwenye meno."

Akacheka akashika mbavu. Nikazunguka sebule, nikagomba kuhusu chai, nikatafuta miwani iliyokuwa usoni, nikamtongoza kama alivyomtongoza mwaka ule kisimani, kama Bi Semeni alivyonihadithia mwenyewe. Machozi ya kicheko yakamtoka. Nilitamani jua lisimame hapo hapo.

Kisha nikakaa kwenye kigoda, nikaweka fimbo magotini, na sikubadilisha sauti.

"Semeni. Unakumbuka siku niliyorudi na vumbi jeupe kichwani, nikakwambia Siwema kapanda lori?"

"Nakumbuka, mzee." Bado anatabasamu, anapangusa macho.

"Hakukuwa na lori."

Kucheka hakukomi ghafla. Kulibaki mdomoni mwake kidogo, hakujui pa kwenda.

"Nilimwingiza Nungu," nikasema, na kikohozi chake. "Nilibandua mbao. Nikamwambia apite yeye kwanza kwa kuwa mwembamba. Mlima ukakaa kati yetu. Nilikuwa na sururu, Semeni. Kila nikigusa, juu kunadondosha. Nikaogopa. Nikakaa chini. Akanibishia hodi."

Upepo ukaufungua mlango. Hakuna aliyeutazama.

Mikono yangu ikapanda kuivua ile kofia.

"Usivue," akasema Bi Semeni. Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu. "Usimvue. Sijamaliza naye."

Nikaiacha.

"Kondo. Alibisha mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Nilimfundisha mimi. Hodi tatu, usipoitikiwa nenda zako, usiwe king'ang'anizi kwenye milango ya watu." Akakunja pindo la kanga, akalikunjua. "Ulikaa muda gani hapo?"

"Mpaka taa ikaisha mafuta."

"Na mimi umekaa nami miaka ishirini na minane mingine. Unakula. Unaona naipakua ile sahani."

Nikainamisha kichwa. Hilo sikuliigiza.

"Kwa nini hukuitika? Sisemi umfukue. Neno moja tu. Karibu. Kwa nini hukumwambia karibu?"

Nilifungua mdomo wa Mzee Kondo, nikatafuta. Nilikuwa nimepitisha sindano kidole hadi kidole, siku tisa, najua kila kilichomo. Ningeweza kumtungia jibu tamu, sikukosa ufundi huo. Nikavua kofia mwenyewe, ruhusa au pasipo ruhusa.

"Sijui, Bi Semeni. Hilo halimo."

Akatikisa kichwa, polepole, kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa wake.

"Shati la bluu," akasema. "Siku ile nilijua una kitu. Kwa siku tisa unanichekesha na sauti ya mwanangu iko kwenye meno yako."

"Nisamehe."

"Baadaye." Akasogea kwenye kigae, magoti yakilia, akakaa chini uso wake ukiwa sawa na mdomo wa shaba. "Ni sauti yake kweli? Si Kondo anamwiga?"

"Ni yeye. Kama alivyomsikia."

"Itatoka yenyewe?"

"Inaweza kukwama hapo kwenye shaba. Ikikwama itakauka, na haitatoka tena."

"Kichupa chako kimebaki na kitu?"

"Matone matatu. Lakini sikiliza, Bi Semeni. Nikiyatia, yatabeba vyote vilivyobaki. Mzee Kondo hatabaki hata kikohozi. Una haki ya miaka minne zaidi naye."

"Tia, Mnyamwezi. Yeye nimemsikiliza miaka arobaini na tisa. Sasa zamu ya mwenzake."

Nikatia. Tukakaa sakafuni, bega kwa bega, tukikitazama kigae. Unene wa kucha ni kitu kidogo sana, ila pale juu maji yamechoka, na tulingoja muda wa kupika ugali mzima. Nje mtu alikuwa anauza samaki kwa kipaza sauti. Bi Semeni alikuwa ameshika picha ya ukutani mapajani, sikumwona alivyoishusha.

Shaba ikatetemeka.

Ngo, ngo, ngo.

"Hodi, Baba."

"Karibu!" akaitika Bi Semeni, haraka, kabla neno halijaisha, kama mtu ambaye alikuwa nalo mdomoni tayari miaka thelathini na moja. "Karibu mwanangu, karibu!"

Kigae hakina masikio. Ngo, ngo, ngo. Mara hii mzaha ulikuwa umepungua.

"Hodi."

"Karibu, Siwema. Mlango u wazi."

Mara ya tatu haikuwa na kubisha. Ilikuwa sauti tupu, ya adabu, sauti ya mtoto aliyefunzwa na sasa anauliza kwa sababu ndivyo inavyoulizwa.

"Hodi hapa?"

Bi Semeni akaweka midomo yake kwenye shaba, akaisema ndani yake, taratibu, kila herufi mahali pake, kama unavyomlisha mgonjwa.

"Karibu ndani."

Kisha pumzi ya Mzee Kondo, ndefu. Halafu hakuna. Maji yakafika ukingoni, na upepo wa mlangoni ukaanza kuyachukua. Baada ya muda tukaona pindo jeupe la chumvi linaota kwenye shaba, jembamba, kama ukingo wa mawimbi ulioachwa. Nilijua ladha yake.

Hatukulia. Mimi kwa kazi yangu, yeye kwa sababu zake. Adhuhuri ikaadhiniwa. Akainuka, akaenda kwenye mlango wa mbele, akausukuma ukafungika, akashika komeo.

Halikusogea. Akajaribu kwa mikono miwili.

"Limeshika kutu," akasema. "Njoo, we mbeba mizigo. Nguvu za ukoo wenu zina faida gani?"

Tukasukuma pamoja. Halikusogea hata kidogo. Akaenda chumbani akarudi na kikopo cha mafuta ya cherehani, akadondosha tone moja pale chuma kinapoingia kwenye chuma. Tone likakaa juu ya kutu, duara, linang'aa. Kisha likapata mwanya, likaanza kuzama lenyewe.

"Acha kulisukuma," akaniambia. "Ngoja tone liingie."

Tukasimama pale mlangoni, tukingoja.